Mundu Kwenye Damu ya Kendi

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaojigamba kwamba ukoo wao ni wa mlimani tangu dunia iumbwe, tafadhali keti, kunja mkono wa shati, unipe tone moja tu la damu. Nimestaafu, lakini macho bado yapo. Nimekula miaka mingi nikiinamia hadubini katika maabara ya hospitali moja mjini Embu, na sijui kama niliwahi kuona tone la damu lililokubaliana na hadithi za mwenyewe. Mdomo unasema hivi, damu inasema vile, na mimi katikati nimeshika kipande cha kioo, nimenyamaza kwa sababu mshahara haujaingia.

Vijana wa kanisa letu hapa Kianjokoma mmeniomba niwasimulie kazi yangu. "Madam Marigu, tuambie ulivyofaulu maishani." Kufaulu! Nina ng'ombe mmoja mwenye hasira, vichaka vya majani chai, na shingo ambayo haigeuki upande wa kushoto. Kama huko ndiko kufaulu, njooni mgawane. Lakini kwa kuwa mmeomba, na kwa kuwa siku hizi kijana husoma chochote mradi kienee kwenye kioo cha simu, nitawasimulia kuhusu ugonjwa. Si jinsi ya kuutibu, kwa maana hilo madaktari wamejisifia vya kutosha. Nitawasimulia jinsi ugonjwa ulivyotutengeneza sisi bila kutuomba ruhusa, na jinsi ulivyokaribia kuvunja nyumba ya watu kwa sababu ya neno moja la Kiswahili.

Tuanze na maembe.

Zamani huku juu kwetu malaria ilikuwa kitu cha kusikia. Mtu alipanda chai, akavaa koti, akafa kwa mambo mengine. Ila alipoteremka kupeleka kabichi zake soko la Ishiara, kule chini kwenye joto, alirudi na faida kidogo, na baada ya wiki mbili hivi akaanza kutetemeka. Na wote walijua chanzo. Maembe! Watu wa mlimani waliamini kwa dhati kabisa kwamba embe la kule chini lina homa ndani yake.

Jirani yangu Nyaga aliletwa maabara amejifunga blanketi mbili, benchi lote linatikisika.

"Ni maembe, Madam," akaniambia. "Nilikula mingi."

"Ulilala huko?"

"Nililala kwa rafiki. Nje, juu ya joto."

"Na mbu?"

"Hao waliniuma usiku mzima. Lakini hiyo si shida. Shida ni maembe."

Nilimchoma kidole. Wadudu wa malaria walikuwa wamejaa kwenye chembe zake kama watu kwenye mkutano wa siasa unaogawa unga. Nikampa majibu, akapata dawa, akapona. Na mpaka leo Nyaga hali embe.

Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Njiru, alicheka mpaka akavua miwani. Yeye alikuwa Mmbeere, mzaliwa wa kule kule chini, na alikuwa amekula maembe tangu alipoota meno. Ndiye aliyenifundisha kazi. "Watu wenu," akaniambia, "wanaogopa tunda, na mwenye sindano wanamwachia mgongo."

Bwana Njiru alikuwa na maoni yake kuhusu historia, na aliyatoa huku akikausha slaidi, vile vioo vyetu vya damu, utake usitake. Alisema shuleni tulifundishwa uongo kwamba mababu walichagua mlima kwa ajili ya udongo mzuri na maji. Kwake, mpimaji wa kwanza wa mashamba alikuwa mbu. Aliyeogopa kuzika watoto alipanda juu kwenye baridi, ambako mbu naye alijikunyata akashindwa kazi. Aliyeteremka kufanya biashara alihakikisha jua halimkuti huko. Kisha vizazi vikapita, sababu ikasahaulika, ikabaki tabia tu: watu wa juu hawalali chini. Na ukiwauliza kwa nini, wanakwambia ni heshima.

"Na waliobaki chini?" nikamuuliza siku moja.

"Hao walilipa," akasema, na siku hiyo hakucheka.

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Katika nchi ya joto, kila msimu mbu walipita na watoto wakafa. Lakini kulikuwa na watoto wachache ambao damu yao ilikuwa na kasoro ndogo ya kurithi. Chembe nyekundu za damu ni za mviringo, laini, zinapita popote. Za hawa zilikuwa na tabia ya kujikunja zikibanwa, na mdudu wa malaria hakustawi ndani yake kama alivyozoea. Mtoto kama huyo alipata homa kama wengine, lakini aghalabu aliamka. Akakua, akaoa, akaacha kasoro yake kwa watoto. Mwenye damu isiyo na doa akazikwa na damu yake nzuri. Hesabu hiyo ikirudiwa vizazi na vizazi, utakuta kijiji kizima kina watu wenye kasoro, na wako hai, wanakuuzia maembe.

Ila mbu si mfadhili. Ukirithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja, umepata kinga. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, ndio ugonjwa wenyewe, ule unaoitwa selimundu: maumivu ya mifupa, macho ya manjano, damu inayoisha mwilini kila mara. Na ajabu ni kwamba mtoto huyo, malaria ikimkuta, haimhurumii hata kidogo. Wengine waliokolewa kwa gharama yake.

Wala msidhani ni damu tu iliyofinyangwa. Tabia pia. Kwa nini pua yako hukunjamana ukinusa nyama iliyooza kabla hata akili haijafika? Kwa sababu yule babu ambaye hakukunja pua hakuacha wajukuu. Kwa nini wazee wetu wa zamani hawakutaka kugusa maiti, wakamtoa mgonjwa mahututi nje ya boma na kumwachia fisi shughuli iliyobaki? Waliokuja baadaye na vitabu walituita washenzi. Labda. Lakini waliihama nyumba yenye kifo, na waliobaki wakabaki. Na kwa nini mgeni alisimamishwa langoni akaulizwa habari za alikotoka, na njia aliyopita, na hali ya watu wa huko, mpaka miguu ikafa ganzi? Ninyi mnaita ukarimu wa Kiafrika. Mimi naita karantini.

Halafu ikaja Korona, mkaona wenyewe. Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia watu waoshe mikono, wakaniangalia kama nauza sabuni. Korona ikafika, na kabla ya mwezi kwisha kila duka la Runyenjes lilikuwa na mtungi wenye bomba mlangoni. Wanaume waliowashinda wake zao, na maafisa wa afya, na mimi, wakashindwa na kirusi. Mitungi ile ipo bado. Juzi nimeiona kwenye sherehe ya ruracio, ya kupeleka mahari, imejaa muratina, pombe yetu ya asali. Bomba linafanya kazi vizuri.

Shida ya pua ni moja: haijui kusimama. Ikishajifunza kukunjamana mbele ya nyama mbovu, inaendelea mpaka inakunjamana mbele ya watu. Watu wa joto, tunasema huku juu. Wachawi wale. Usichukue kitu mkononi mwao. Hofu ya mbu imegeuka dharau kwa binadamu, na hakuna aliyetia saini.

Nitafika huko. Kwanza kazi kidogo, kwa ajili ya ninyi mlio kwenye vyuo vya maabara mkidhani mashine itawafanyia kila kitu mpaka siku umeme ukipotea.

Slaidi nyembamba ya damu haitaki mabavu. Weka tone dogo upande mmoja, leta kioo cha pili kwa kukiinamisha, kigusane na tone, kisha sukuma kwa mkono mmoja bila kusita, kama mtu anayepaka mkate siagi ya jirani. Ukisita, inatoka mistari. Ukikandamiza, unavunja chembe halafu unasingizia mgonjwa. Na ukishamaliza, funika. Nzi wanapenda damu iliyokaushwa kuliko wanavyopenda chai yako. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyeacha slaidi dirishani akaenda kula githeri. Aliporudi, nzi walikuwa wameramba mgonjwa mzima. Akabaki na kioo kisafi na jina la mtu. Aliandika "hakuna malaria," na kusema kweli hakudanganya.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha Bwana Njiru ni hili: usitafute ulichotumwa tu. Daktari akiandika malaria, utatafuta malaria, na usipoiona utafunga kitabu. Yeye alisema, "Ukishamaliza kumtafuta mwizi, angalia pia nyumba yenyewe imekaaje."

Ndivyo nilivyomwona Kendi.

Aliletwa na mama yake, Igoki, msichana Mmbeere aliyeolewa na Mmeru aitwaye Kirimi. Kirimi alikuwa akiuza mabati na misumari katika duka moja mjini, na walikaa pale mtaa wa Dallas. Kendi alikuwa mtoto wao wa kwanza, hajaanza hata kutembea sawasawa, na alikuwa amevimba viganja na nyayo, ngozi imekaza kama mkate uliozidi hamira. Kila mara aliletwa na homa, kila mara akapewa dawa ya malaria. Mwenzetu wa zamu alikuwa ameshaandika majibu yake: malaria hakuna. Nikaichukua ile slaidi, nikaangalia nyumba. Chembe zilikuwa chache, zimepauka, na katikati yake kulikuwa na zilizojikunja, nyembamba, zenye ncha pande mbili. Sikuhitaji kuangalia mara ya pili; nikapeleka majibu kwa daktari.

Sasa, tulikuwa tumepokea daktari kijana kutoka Pwani, Daktari Athumani. Mtu mpole, anaosha mikono bila kuambiwa, na Kiswahili chake ni kile cha mtihani, sisi wengine tunakisikia tunajiangalia viatu. Alimwita Igoki, akamketisha, akamweleza kwa upole na ufasaha wote aliojaliwa:

"Mama, mwanao hana malaria. Tumeona mundu kwenye damu yake. Huu mundu ameurithi, hukuufanya wewe. Nenda ukamlete baba yake, tuzungumze sote."

Kwa Daktari Athumani, mundu ni kile chuma kilichopinda cha kukatia nyasi. Huku kwetu nyasi tunakata kwa panga, na hicho chuma wengi hatujawahi kukishika wala kukitaja. Lakini neno tunalo. Kwa Kimbeere, na kwa Kiembu pia, mundu ni mtu. Wameru wanasema muntu, lakini hakuna Mmeru asiyeelewa.

Kwa hiyo alichosikia Igoki, kutoka kwa daktari aliyevaa koti jeupe, katika hospitali ya serikali, ni kwamba kuna mtu ndani ya damu ya mtoto wake.

Alikwenda nyumbani Dallas mbio. Na nyumbani, kwa bahati nzuri kabisa, alikuwepo mama mkwe. Mama Kirimi alikuwa amekuja kutoka Nkubu, huko Meru mlimani, kumwona mjukuu ambaye ni jina lake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye Kendi mkubwa. Mwanamke mrefu, mwenye shamba zuri la kahawa, na sauti ya kuamrisha ng'ombe wa shamba la pili. Tangu mwanawe aoe kule chini alikuwa akingoja jambo kama hili. Na sasa hospitali yenyewe imethibitisha!

Alimfunga mtoto mgongoni, akampandisha Nkubu akaombewe. Igoki akaambiwa arudi kwao Mbeere akamtoe huyo mtu waliyemweka, na asionekane mpaka ametoka. Kirimi alisema nini? Kirimi aliuza misumari. Mwanamume wa Kimeru mbele ya mama yake ni kitu cha kuhurumiwa.

Sisi hospitali hatukujua lolote. Tulidhani Igoki amekwenda kumwita mumewe. Siku zikapita. Kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama kwenye dirisha letu la kupokelea makopo ya choo, peke yake, bila mtoto.

"Madam," akauliza polepole, "huyo mtu anatolewanga aje?"

"Mtu gani?"

"Huyo daktari aliona kwa damu. Mundu."

Mimi ni Muembu. Ilinichukua muda wa kumeza mate tu kuelewa, na nikaelewa yote kwa pamoja. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Aliponiambia Nkubu, juu kule kwenye ukungu, niliogopa sana. Damu ya mtoto yule niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa imebaki kidogo, na baridi ni adui wa damu hiyo, ikibanwa na baridi inajikunja na kuziba njia. Ile hewa safi ya mlimani ambayo Mama Kirimi alijivunia ndiyo ilikuwa ikimmaliza mjukuu wake.

Nilimweleza Igoki mundu ni nini. Alikaa kwenye benchi akalia, na sikumkataza. Kisha akapangusa uso akasema, "Basi twende tumchukue." Nikamwambia abaki pale na Daktari Athumani, kwa sababu akionekana langoni Nkubu tungemaliza siku nzima kwenye matusi. Nikavua koti, nikaenda dukani, nikamkuta Kirimi akimpimia mtu waya. Nilimwambia maneno fulani ambayo vijana wa kanisa hamhitaji kuyasoma. Akafunga duka.

Tulimkuta Mama Kirimi jikoni akitoa njahi, yale maharagwe meusi, kwenye maganda. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha, ile ya Nkubu isiyoisha wala kuanza. Mtoto alikuwa amelazwa kando ya jiko ndani ya blanketi, na alikuwa akilia bila sauti. Macho yake yalikuwa ya manjano. Ulimi wake nilipoutazama ulikuwa mweupe.

"Kama mmekuja juu ya huyo msichana," akasema Mama Kirimi, "rudini. Hata daktari wenu alisema kuna mtu ndani."

Niliketi chini bila kukaribishwa. Nikachukua punje moja ya njahi nikaiweka kiganjani mwake. "Mama, chembe ya damu yako iko hivi. Mviringo." Kisha nikaokota ganda tupu lililopinda. "Ya mtoto iko hivi. Kwa Kiswahili cha Pwani, kitu kilichopinda hivi kinaitwa mundu. Ni chuma cha kukata nyasi. Hakuna mtu."

Aliligeuza lile ganda upande huu na huu. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiburi tu, na hivyo ni vitu viwili.

"Basi hiyo kitu imetoka kwa mama yake. Huko kwa joto."

"Nusu imetoka kwa mama yake."

"Na nusu ingine?"

Nilimtazama Kirimi. Kirimi alitazama dari.

"Haiwezekani," akasema Mama Kirimi, akasimama. "Kwetu hakuna. Sisi si watu wa huko chini. Sisi tulitoka Mbwaa!"

Kwa msiojua, kila Mmeru, ukimpa nafasi na kikombe cha uji, atakusimulia jinsi mababu walivyotoka Mbwaa, kisiwa cha mbali, wakavuka maji usiku, wakatembea vizazi mpaka mlimani. Ni hadithi nzuri, sina neno. Kwa hiyo nikauliza kwa heshima zote.

"Na huko Mbwaa, mama, kulikuwa na baridi?"

Akarudi kwenye njahi zake.

"Kisiwa kando ya bahari. Kulikuwa na theluji? Mbu walikuwa wamevaa sweta?"

Kirimi alikohoa ili asicheke, na mama yake akamtupia ganda la njahi. Lakini mtoto akaanza kulia tena, safari hii kwa sauti, akishika mguu wake, na Mama Kirimi akamwinua kabla yetu sote. Hapo ndipo nilipomwonea huruma. Alimpenda mtoto yule kuliko kahawa yake yote. Alikuwa amemficha mlimani ili amwokoe.

"Akibaki hapa," nikamwambia, "atakufa, mama. Sikutishi. Atakufa hapa jikoni, na jina lako."

Alijifunga mtoto mgongoni yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amguse mpaka tumefika Embu.

Kendi aliongezwa damu siku hiyo hiyo. Igoki alikaa upande mmoja wa kitanda, mama mkwe upande wa pili, na kati yao kulikuwa na mtoto na chupa, na kimya ambacho ungeweza kukikata kwa panga, kwa sababu mundu hatuna. Ulipofika mchana, Mama Kirimi alikuja dirishani kwangu akatoa kidole.

"Nipime. Nataka ujue ni ya marehemu mzee wangu. Ukoo wake ulikuwa na mambo mengi."

Kirimi alikuwa ameshapimwa, na kama nilivyotarajia alikuwa nayo, nusu yake, mzima kama jiwe. Nilimchoma mama yake, nikachanganya tone na dawa inayomaliza hewa ndani yake, nikafunika kwa kioo chembamba, nikaziba kingo kwa mafuta ya kujipaka. Kisha unasubiri. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mashine haiwafundishi. Alikaa kwenye benchi langu akinieleza makosa ya ukoo wa mumewe, moja baada ya jingine, na alikuwa nayo ya kutosha.

Nikaangalia. Nilimwita tu, nikamrekebishia lenzi, akainama.

Mle kwenye lenzi maganda ya njahi yalikuwa yametapakaa kila mahali.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Na mimi sijawahi kuugua."

"Kwa sababu ni nusu. Huyo mtu akiwa mmoja, mama, ni askari wa lango. Malaria ikija anaifukuza. Wakiwa wawili wanalala mlangoni wote, hakuna anayepita."

"Ni nani alimleta?"

"Ni mtu wenu wa zamani sana ambaye aliugua homa akapona, wakati wenzake hawakupona. Bila yeye usingekuwepo hapa kunitukana."

Alitoa leso akapangusa kile kioo cha kuangalizia, kwa sababu alikuwa amekilowesha. Baadaye damu zao zilipelekwa Nairobi kwa mashine kubwa, na Nairobi ikarudisha yale yale niliyosema, kwa kuchelewa na kwa muhuri.

Mtoto alipopata nafuu, Mama Kirimi aliniomba nimsindikize Mbeere, nyumbani kwa wazazi wa Igoki, ambako Igoki alikuwa amempeleka Kendi. Hakuwahi kufika. Mwanawe alipopeleka ruracio, yeye alikuwa na mafua. Safari hii alibeba kiondo kikubwa cha njahi, na njiani alifunga dirisha la gari katika lile joto, mbu wasiingie, saa sita mchana.

Wazazi walitukaribisha vizuri, na Igoki alikuwa amekaa mlangoni na Kendi mapajani. Mama Kirimi hakukaa. Alisimama mbele ya mkaza mwana wake kama mtu anayesubiri kuhojiwa na chifu.

"Igoki," akasema, "huyo mtu nimemtafuta kwenu. Kumbe nilimleta mimi. Nilimpa mtoto pamoja na jina."

Igoki hakuwa mwepesi wa maneno. Alimtazama, akamtazama mtoto, kisha akainuka akaingia ndani. Nikadhani ndio basi. Akatoka na sinia la maembe yaliyomenywa, akaliweka mbele ya mama mkwe.

"Kula, mama," akasema. "Kama ni homa, wewe uko na askari."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, lakini jibu zuri kuliko hilo sijawahi kusikia. Mama Kirimi alichukua kipande, akakiangalia kila upande, akala. Akala kingine. Maji ya embe yakamtiririka mpaka kiwiko, na alikuwa akilia, na hakuacha kula.

Waliishi wapi? Nkubu kuna baridi inayomuumiza mtoto, Mbeere kuna mbu wanaoweza kumuua. Wakabaki Dallas, katikati, ambako Mungu amechanganya vyote kwa kiasi na kuongeza vumbi. Kendi alilala ndani ya neti, akanywa dawa zake kila siku, akabeba chupa ya maji na sweta kila alikokwenda. Amelazwa mara nyingi, na kuna mara nilienda wodini nikiwa nimeshajiandaa kwa habari mbaya. Lakini yupo. Yuko chuoni, anasomea ualimu, na ana mdomo wa bibi yake.

Juzi alipanda huku Kianjokoma kunitembelea, akiwa na kijana. Kijana mzuri, ana shamba la parachichi, na ameniambia wanafikiria kuoana. Nikauliza kama amepimwa. Alitabasamu, yale matabasamu mnayowapa wazee.

"Mimi? Hapana, shosho. Sisi ni watu wa mlimani kabisa. Kwetu hakuna hizo vitu."

Nilitafuta sweta yangu ya safari. Kendi alikuwa ameshamshika kidole na anamvuta kuelekea barabarani.

"Hivyo ndivyo cucu yangu wa Nkubu alisema," akamwambia. "Twende Embu."